Mbunge anashika shilingi mchana, jioni anairudisha: hivi kinachomfunga ni nini?

#1 Kibatari
Wakuu habari. Jambo hili linanikera miaka mingi, leo nimeamua kulileta tulichambue.

Ukifuatilia Bunge la Bajeti pale Dodoma utaona kitu kinachojirudia. Mbunge anasimama, anaeleza jimbo lake halina maji, barabara imekatika, ahadi ni ya tangu mwaka juzi. Sauti inapanda. Anasema asipopata majibu ya kuridhisha atashika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani atatoa hoja mshahara huo upunguzwe shilingi moja ili fungu lisipite kimya. Wakiingia Kamati ya Matumizi, pale Bunge zima linapopitisha fungu moja moja, anaishika kweli. Waziri anasimama: "tumelipokea, tunakwenda kulifanyia kazi." Anaulizwa mbunge. Naye: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa maelezo hayo narudisha shilingi." Fungu linapita. Mwaka unaofuata maji hakuna, na yuleyule anashika shilingi ileile.

Madai yangu ni haya: huu si uoga wa mtu mmoja mmoja. Ni Ibara ya 71 ya Katiba. Mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, ubunge wake umekoma. Kwa hiyo kikao cha chama kikimvua uanachama, na kiti kimekwenda. Maelfu walipanga foleni kumpigia kura, watu wachache wanamaliza kazi jioni moja. Mtu aliye katika hali hiyo anamwogopa nani, mimi niliyempigia kura au kile kikao?

Mwenye hoja nyingine aje.

#2 Chui wa Mchana
Umemaliza kila kitu. Uzi ufungwe.

#3 Mwanahesabu
Usifungwe, hoja haijasimama. Ibara hiyo ilikuwepo 2008. Katiba ileile, chama kilekile kikiwa na viti vingi mno, na bado Bunge likampigia Waziri Mkuu Lowassa kura ya kutokuwa na imani kwa sababu ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, akaondoka. Kama Ibara ya 71 ndiyo kufuli, mwaka ule ufunguo ulitoka wapi?

#4 Msoma Kanuni
Mwanahesabu, hapo umekosea, ingawa swali lako ni zuri. Kura haikupigwa. Kamati Teule chini ya Mwakyembe iliundwa Novemba 2007, taarifa ikasomwa Februari 2008, na tarehe 7 Lowassa mwenyewe akasimama bungeni akasema amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu. Mawaziri Karamagi na Msabaha nao wakaondoka. Kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu ipo Ibara ya 53A, na kabla hoja haijafika popote inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote. Hakuna Waziri Mkuu aliyewahi kuondoka kwa njia hiyo.

Aliyekaribia ni Zitto Kabwe, Aprili 2012, alipokusanya saini dhidi ya Waziri Mkuu Pinda. Hoja haikufika mezani, lakini wiki chache baadaye Rais Kikwete akapangua Baraza la Mawaziri. Na mmoja wa waliosaini ni marehemu Deo Filikunjombe, mbunge wa CCM. Hakufukuzwa chama.

Nami nasema ufunguo ni Spika na Kanuni. Spika Sitta aliingia 2005 na kaulimbiu yake ya kasi na viwango. Kanuni zikaandikwa upya 2007: maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi, kamati za hesabu zikaongozwa na wapinzani. Kamati ya Hesabu za Serikali iliyoleta taarifa ya kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow Novemba 2014 mwenyekiti wake alikuwa Zitto, mpinzani. Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu, Profesa Tibaijuka akaondolewa, Profesa Muhongo akafuata Januari 2015. Katiba haikuguswa hata nukta. Zilizobadilika ni Kanuni na mkono ulioshika rungu.

#5 Mwanahesabu
Nimekubali kusahihishwa, asante. Ila umenisaidia: kumbe Ibara siyo.

#6 Kibatari
Haujashinda bado. Sitta mwenyewe yalimkuta nini 2010? Chama kilisema safari hii Spika awe mwanamke, jina lake halikupita, akaingia Mama Makinda. Sina neno baya na Mama Makinda, ni haki kabisa mwanamke kushika kile kiti. Lakini Spika mwenye meno aliondolewa na vikao vya chama kabla hajafika kwenye kura ya wabunge. Tumerudi palepale kwenye chama.

#7 Jembe na Nyumba
Vijana, shikamooni ninyi mnaosoma Katiba, sisi wengine tuliishi ndani yake.

Mnaongea kama vile chama kumbana mbunge kumeanza na vyama vingi. Chama kilikuwa kimoja na wabunge walianguka kama maembe. Mwaka 1965 kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja alama ya jembe na mwingine nyumba. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, akaangushwa. Hakuna chama cha upinzani kilichomwangusha, ni wananchi tu wakiwa na watu wawili wa kuchagua. Mimi kura yangu ya kwanza niliipiga kwa utaratibu huohuo, na mbunge wetu aliyekuwa hakanyagi kijijini tukamrudisha kwao akalime. Alikuja kuaga akilia.

Ila siwafichi upande wa pili. Mwaka 1968 TANU iliwavua uanachama wabunge kadhaa na viti vyao vikaenda. 1973 wabunge waliukataa muswada wa kodi ya mapato, Mwalimu akawaambia yuko tayari kulivunja Bunge, wakaupitisha. Na 1975 Katiba ikasema wazi kwamba chama kimeshika hatamu.

Kwa hiyo mtu alimwogopa mpiga kura siku ya uchaguzi, akaogopa chama miaka mingine yote mitano. Leo, katika majimbo mengi, hata ile siku moja haipo. Uchaguzi wenyewe unaishia kwenye kura za maoni, zile za ndani ya chama za kutafuta mgombea.

#8 Chui wa Mchana
Mzee Jembe na Nyumba marahaba... samahani, shikamoo mzee 🙏 Hapo kwenye kura za maoni ndipo penyewe. Nafuta niliyosema kwenye namba 2.

#9 Kinyonga wa Pori
Chui umebadilika rangi kabla yangu, na jina ni langu 😂

#10 Mtia Nia
Naomba nieleze yaliyonipata. Chama sitakitaja wala jimbo.

Mwaka mmoja nilichukua fomu. Wajumbe wa kata zote nilizunguka kwa pikipiki, miezi miwili, bila kumpa mtu hata soda, kwa sababu nilidhani sera zinatosha. Nilishika nafasi ya pili, kura chache nyuma ya wa kwanza. Majina yakapelekwa juu. Yakarudi na jina la mtu wa nne. Hatukuambiwa sababu, si mimi wala wa kwanza. Mtu yule wa nne leo ni mheshimiwa, na nikisema ukweli simchukii, ni mchapakazi.

Lakini mjiweke katika nafasi yake. Anajua hakuwekwa pale na wajumbe. Anajua hakuwekwa na wananchi, kwa kuwa jimbo lile akisimama yeyote wa chama kile anapita. Aliwekwa na chumba kimoja, na baada ya miaka mitano jina lake linarudi kwenye chumba hichohicho. Atakataa bajeti? Hata Ibara ya 71 ikifutwa kesho, kile chumba kitakuwepo.

Ndiyo maana nasema tatizo ni uteuzi wa wagombea. Ibara ya 71 ni adhabu inayotumika mara chache sana. Uteuzi unamtisha kila siku.

#11 Mama Sambusa
Pole sana Mtia Nia. Hili bandiko limenigusa kuliko yote.

#12 Msoma Kanuni
Mtia Nia, pole. Ila "mara chache" sikubaliani nayo, na hapa ndipo utaona Spika anavyoingia.

Desemba 2011 NCCR-Mageuzi ilimfukuza mbunge wake Kafulila. Akaenda mahakamani, akabaki mbunge mpaka 2015. Hamad Rashid wa CUF hali kadhalika, alifukuzwa Januari 2012, akakimbilia mahakamani. Julai 2017 upande wa Profesa Lipumba ukawavua uanachama wabunge wanane wa viti maalum wa CUF, Spika Ndugai akapokea barua na viti vikatangazwa kuwa wazi mara moja. Novemba 2020 Chadema ikawavua uanachama wanawake 19 walioapishwa bila baraka za chama. Spika alikuwa huyohuyo, lakini safari hii hawakuondoka. Wakabaki bungeni huku kesi ikienda na kurudi.

Ibara moja, Spika mmoja, matokeo mawili. Kwa hiyo Kibatari, ibara yako haijitekelezi. Kuna mtu anaamua barua ipi aifungue.

#13 Dada wa Kata
Hapo kwa wale 19 mnapita haraka. Viti maalum ndiyo sehemu ya Bunge inayotegemea chama kuliko zote, na mimi nilikuwa diwani wa viti maalum vipindi viwili, nazungumza kwa uzoefu.

Mbunge wa jimbo akigombana na chama anaweza kurudi kwa watu wake akawaambia nimeonewa. Mimi ningerudi kwa nani? Jina langu lilitoka kwenye orodha ya jumuiya ya wanawake. Niliwahi kupinga ushuru mpya wa soko kwenye baraza, kwa sababu akina mama wanaouza nyanya chini ya mwembe wangelipa sawa na mwenye fremu. Kiongozi mmoja akanivuta pembeni akaniuliza taratibu, "Mama, orodha ijayo huitaki?" Nilikwenda nyumbani sikulala. Kesho yake nilipinga tena. Orodha iliyofuata sikuwemo.

Sijutii. Ila nataka mjue mwanamke anayenyamaza pale mjengoni si kwamba hana hoja.

#14 Mwanahesabu
Dada, heshima yako. Swali: hivyo viti si vinagawanywa kulingana na majimbo ambayo chama kimeshinda?

#15 Dada wa Kata
Hapana. Kwa Bunge ni kwa uwiano wa kura halali za ubunge, na chama lazima kipate angalau asilimia tano. Ndiyo maana 2020 Chadema ilishinda jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, lakini ikawa na stahili ya viti 19.

#16 Mwanahesabu
Ahaa! Basi hapo umenipa hoja yangu ninayoipenda. Tazameni: jimbo moja upande huu, viti 19 upande ule, kwa kura zilezile za watu walewale. Huo ni ushahidi kwamba mfumo wa mshindi wa jimbo kuchukua vyote unatupa kura za watu jalalani. Na siyo kwetu tu. Uingereza 2024 chama cha Labour walipata kama theluthi moja ya kura, asilimia 33.7, wakachukua viti 411 kati ya 650. Kwa mfumo huu chama kimoja kinavimba, na kikivimba hakimhitaji mbunge mmoja mmoja. Ukiwa na viti 300, kumi wakikataa utahangaika nini? Lakini ukiwa na viti viwili zaidi ya nusu, kila mbunge wako ni mfalme.

Tufanye uwiano kwa viti vyote.

#17 Mtia Nia
Uwiano maana yake orodha. Orodha anaipanga nani? Kile chumba.

#18 Dada wa Kata
Kile chumba.

#19 Mwanahesabu
Mmenishika 😅 Lakini Afrika Kusini walikuwa na orodha tupu, na Agosti 2017 kwenye kura ya kumwondoa Rais Zuma, 177 walisema aondoke, 198 wakasema abaki. Wapinzani wote pamoja hawakufika 177, kwa hiyo kuna wabunge wa ANC walioasi chama chao. Kilichowaokoa ni kura ya siri. Mahakama yao ya Katiba ilikuwa imesema Spika ana mamlaka ya kuamua iwe ya siri, naye akaamua hivyo.

#20 Jembe na Nyumba
Kura ya siri tuligombania hapa hapa, 2014, Bunge Maalum la Katiba. Wiki na wiki zilipita wanabishana siri au wazi kabla hawajagusa hata sura ya kwanza ya rasimu. Wenye viti vingi walitaka wazi ili waone nani kawasaliti. Wachache walitaka siri. Mwisho wakaruhusu kila mtu achague. Aprili UKAWA, ule umoja wa wapinzani, walikuwa wameshatoka nje, na Oktoba ikapitishwa Katiba Inayopendekezwa ambayo mpaka leo wananchi hatujaipigia kura.

Na katika rasimu ya Jaji Warioba yalikuwamo yote mnayoyalilia hapa: mgombea binafsi, mawaziri wasiwe wabunge, wananchi wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge wao, ubunge usizidi vipindi vitatu. Nilikwenda kutoa maoni mbele ya Tume yake ya Katiba, nikasimama na fimbo yangu, nikasema mbunge awe wa watu. Wakaandika. Niliona wakiandika.

#21 Kinyonga wa Pori
Mgombea binafsi si Mchungaji Mtikila alishinda hiyo kesi? Kwa nini hatuna?

#22 Msoma Kanuni
Alishinda, ndiyo, tena zaidi ya mara moja. Mahakama Kuu Dodoma 1994, Jaji Lugakingira. Bunge likabadili Katiba mwaka huohuo kuzuia. Akashinda tena Mahakama Kuu 2006. Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo si la mahakama, ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, nayo Juni 2013 ikasema Tanzania imekiuka haki. Mchungaji alifariki 2015 na ibara iko vilevile.

Fikirini kidogo: swali la kama mbunge anaweza kusimama bila chama limerudishwa kwa wabunge, ambao karibu wote wamefika pale kwa tiketi ya chama.

#23 Chui wa Mchana
Sasa hapo ndiyo nimeelewa namba 1 na namba 10 ni kitu kimoja.

#24 Kibatari
Si kimoja, Chui. Mgombea binafsi anatatua mlango wa kuingilia. Ibara ya 71 ni mlango wa kutokea. Tazama wenzetu: Septemba 2019 Boris Johnson aliwatoa wabunge 21 kwenye kundi la chama chake kwa kumpinga kuhusu Brexit. Walibaki wabunge, wakaendelea kupiga kura. Uganda 2013 chama tawala NRM kiliwafukuza wabunge wanne, Mahakama ya Juu ikaja kuamua kwamba kufukuzwa chama hakumwondoi mbunge kitini. Kwetu hapana.

#25 Kinyonga wa Pori
Kibatari, kuna upande huuoni. Bila hiyo ibara wabunge wangenunuliwa kama njugu. Kati ya 2017 na 2019 tuliona wapinzani wakijiuzulu mmoja baada ya mwingine "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, halafu wanagombea jimbo lilelile kwa chama kipya: Kinondoni, Siha, Ukonga. Angalau ibara iliwalazimisha warudi kwa wananchi. Ingekuwa haipo wangehama na kiti mgongoni. India waliweka sheria ya namna hiyo 1985 kwa sababu hiyohiyo, wabunge walikuwa wanahama kila kukicha.

#26 Mama Sambusa
Lakini Kinyonga, kuhama mwenyewe na kufukuzwa ni mambo mawili. Aliyehama kwa hiari apoteze kiti. Aliyefukuzwa kwa kusema ukweli abaki. Mbona ni rahisi?

#27 Kinyonga wa Pori
Si rahisi, Mama. Anayetaka kuhama atatukana viongozi mpaka wamfukuze, abaki na kiti.

#28 Mama Sambusa
Basi wamwache atukane, wasimfukuze. Tutamhukumu sisi kwenye kura.

#29 Karani wa Zamani
Salaam. Nimesoma kuanzia mwanzo. Miaka ya nyuma nilifanya kazi za uchapaji wa kumbukumbu za vikao, sitasema wapi, na nadhani nyote mmeruka kitu kidogo kinachofanya kazi kubwa.

Kwanza ni fedha. Ibara ya 99 inasema Bunge halitashughulikia jambo la kuongeza kodi au matumizi mpaka Rais ametoa pendekezo na Waziri amelileta. Kwa hiyo yule wa namba 1 mwenye kilio cha maji hana uwezo wa kuandika fungu jipya la kisima. Ana uwezo wa kupiga kelele na kushika shilingi moja. Silaha kubwa iliyobaki ni kukataa bajeti nzima, na Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa. Wabunge wote wanarudi kuomba kura kabla ya wakati. Hata wa chama kidogo anajiuliza mara mbili.

Pili ni muda. Kamati ya Matumizi ina saa zake. Zikiisha, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo, tunaita gilotini. Nimewahi kuchapa siku ambayo wabunge walikuwa bado wamesimama wanaomba nafasi, na mafungu yakasomwa namba tu.

Tatu, sauti. Muswada wa kawaida unaamuliwa kwa "wanaoafiki waseme Ndiyo, wasioafiki waseme Siyo", na aliyeko kwenye kiti anasikiliza upande upi umevuma. Mikono haihesabiwi, jina la mtu haliandikwi. Mnabishana kura iwe ya siri au ya wazi, wakati kura nyingi si moja wala nyingine. Ni kelele. Chama kinamwona aliyesema Siyo kwa sababu kiko humo ndani. Mwananchi aliye Kigoma haoni. Na 2016 hata matangazo ya mubashara ya televisheni yalikatwa.

#30 Mwanahesabu
Karani, umeleta hoja ya tano, na mimi bado sijaachana na ya nne, ya uwiano.

#31 Mtia Nia
Nami sijaachana na ya kile chumba.

#32 Jembe na Nyumba
Karani, lakini 2008 kulikuwa na sauti hizohizo na saa hizohizo. Mimi naona siku ile chama chenyewe kilikuwa kimepasuka katikati. Mwaka 1993 vilevile, wabunge 55 wa CCM walipotaka Serikali ya Tanganyika, chama kilikuwa na mvutano ndani yake. Bunge letu huuma pale wakubwa wanapokuwa wamegombana. Wakipatana, linafunga mdomo.

#33 Kibatari
Mzee, hiyo nitailalia. Inanitisha kidogo.

Karani, baada ya kusoma bandiko lako nimeingia kwenye tovuti ya Bunge, nikafungua Taarifa Rasmi ya siku ambayo muswada mmoja uliotuumiza wakulima ulipitishwa. Nilitaka kujua mbunge wangu alisema Ndiyo au Siyo. Kurasa zaidi ya mia. Alichangia, alisema maneno mazuri kabisa, aliutaja mkoa wetu. Nikashuka mpaka mwisho kwenye uamuzi. Pameandikwa: "Hoja ilitolewa iamuliwe. Hoja iliamuliwa na kuafikiwa." Basi. Kuna mahali pengine pa kutazama?

#34 Karani wa Zamani
Kwa muswada ule, hapana. Bajeti kuu ndiyo wanaitwa majina mmoja mmoja. Fungua za mwezi Juni, nenda siku ya mwisho ya mjadala, teremka mpaka uone orodha ya majina. Wa kwako atakuwa humo, na alichojibu.

#35 Kibatari
Nimeipata. Natafuta jina.